Hakuna tiketi, hili ni ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa mnazitaka fupi, lakini hii ya ukingo wa ziwa letu kufungwa kwa kuta imenikaa kifuani tangu mwezi wa kumi na kila nikiifupisha inabaki malalamiko matupu, kwa hiyo nimeiacha ilivyo, nyie mkate mnapoweza.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, kwa sasa nasoma masters huku Jinhua, mkoa wa Zhejiang, China. Asiyeijua Jinhua amuulize mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo kuhusu Yiwu atamwambia, maana Yiwu iko chini ya Jinhua hiyohiyo, na ukigeuza chini ya beseni lako hapo nyumbani kuna uwezekano mkubwa limepitia huko. Sasa chuo huwa kinatutoa wanafunzi wa nje matembezi, na safari hii zamu ikawa kwenda Hangzhou kuliona lile ziwa lao wanaloringia, wanaliita Xihu, maana yake ziwa la magharibi, sababu liko magharibi ya mji wa zamani, hamna siri nyingine kwenye jina. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Sisi tulikuwa mabasi mawili, Wabongo saba, Wakenya, Wakongo, Wanigeria, Wayemeni, Wathailand, kila mtu na mfuko wake wa chipsi na maji, na mbele mwalimu wetu, tunamwita laoshi kama wanavyowaita walimu wote huku, kashika kibendera cha njano juu ya kijiti tusije tukapotea.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Treni ya mwendokasi ingetufikisha ndani ya saa moja lakini basi ni basi, masaa mawili na ushee, njiani jamaa mmoja wa Mbeya kaimba mpaka Wathailand wakajua kiitikio. Siendelei na ya njiani.

Tulipofika, na hapa ndipo barua yangu inapoanzia haswa, basi likatushusha, laoshi akanyanyua kibendera, tukamfuata tunavuka barabara tunapita chini ya miti, kuna mti wanauita guihua, mwezi wa kumi unatoa maua madogo ya njano huyaoni mpaka usogee lakini harufu inakufikia ukiwa mbali, dada mmoja wa Zanzibar akasema hii ni asumini iliyotiwa asali. Mimi mkono mmoja nimeshika pasipoti, mwingine kitambulisho cha mwanafunzi, sababu nimeshazoea huku kila mahali wanafunzi wanapunguziwa na sikutaka waseme Mwafrika ndo anachelewesha foleni. Yule wa Mbeya naye kashika vyake. Tunatembea tunatafuta geti. Mara paap, maji haya hapa. Yaani hatua tatu mbele yangu maji, boti zinaelea, milima kule nyuma imejipanga myepesi kama imechorwa na penseli, na sijapita geti lolote.

Nikamuuliza laoshi, tiketi tunakatia wapi? Akaniangalia kama nimemuuliza jua linauzwa duka gani. Akasema, hakuna tiketi, hili ni ziwa.

Mhariri, nimesoma vitabu vingi tangu nije huku lakini hiyo sentensi ndo nitakayorudi nayo.

Baadae tukiwa tumekaa kwenye benchi (mabenchi nayo ni ya bure na yapo kila baada ya hatua chache) akatufafanulia vizuri. Kumbe sio kwamba ilikuwa hivo siku zote. Zamani bustani za pembeni ya ziwa zilikuwa na kuta na viingilio, unalipa hapa unaingia, ukitaka ile ya jirani unalipa tena. Mwaka 2002 uongozi wa mji ukaamua kubomoa kuta na kufuta viingilio vya bustani zile za ukingoni, zikawa wazi saa ishirini na nne, kauli yao ilikuwa kulirudisha ziwa kwa wananchi. Watu wengi walisema mji utapata hasara. Ikawa kinyume, wageni wakaongezeka, na mgeni asiyelipa mlangoni anakaa siku mbili badala ya masaa mawili, analala, anakula, ananunua chai, anapanda boti, basi mapato ya utalii ya mji yakapanda bila ya geti. Ile hela waliyoiacha pale mlangoni wakaiokota sehemu nyingine zote.

Nikakaa kimya. Mwenzangu akadhani nimechoka na safari, kumbe mimi nilikuwa niko Mwanza.

Nikiwa darasa la nne la tano hivi, tukitoka shule tulikuwa tunashuka ziwani, njia ilikuwa ileile wanayopita wakina mama wanaoenda kufua, unapita katikati ya mawe makubwa unatokea kwenye maji. Tulikuwa tunarusha vijiwe, tunasubiri honi ya MV Victoria ikiwa inaondoka kwenda Bukoba, anayeisikia wa kwanza anajisifu mpaka kesho yake. Hatukuwa na viatu vya maana lakini ziwa lilikuwa letu. Kisha ikaja fensi ya waya, tukawa tunapita chini yake. Kisha ukaja ukuta. Kisha juu ya ukuta vikaja vigae vya chupa. Njia ya wakina mama ikahamia pembeni, halafu hiyo pembeni nayo ikapata ukuta wake, na leo hii ukitaka kuyaona maji kutoka mtaani kwetu unapanda juu ya jiwe unayaangalia kwa mbali kama unachungulia harusi usiyoalikwa.

Halafu kuna siku nilipomaliza chuo pale nyumbani nikapata kibarua changu cha kwanza, nikasema nimtoe Mama. Mama yangu kazaliwa Ukerewe, kakulia kwenye maji, baba yake alikuwa mvuvi. Nikamuuliza anataka nini akasema hataki kitu, anataka kukaa tu pembeni ya maji jioni. Nikampeleka kwenye hoteli moja, jina naliacha na sehemu naiacha, tukafika getini mlinzi akatuambia kiingilio elfu tano kila mtu, ila ukinunua kinywaji wanakukatia humohumo. Mama akauliza, tunalipia nini? Mlinzi, kijana mpole tu, wala sio kosa lake, akasema, mama yangu mnalipia viu. Mama hakuelewa viu ni kitu gani ikabidi nimwambie ni kule kuyaangalia maji. Aliniangalia mimi, akamuangalia yule kijana, akasema, mimi nimezaliwa ndani ya haya maji, sijawahi kuyalipia kuyaangalia. Tukarudi. Tulipanda daladala tukaenda kunywa soda nyumbani na hakuizungumzia tena, lakini mimi nimekuwa nikiizungumzia mwenyewe kichwani miaka yote hii.

Sasa turudi Hangzhou, maana nisije nikaonekana nimekuja kusoma China kulia lia.

Ziwa lenyewe ni dogo, aisee. Ni kama kilomita za mraba sita na nusu tu, kulizunguka lote ni kilomita kama kumi na tano, mtu mwenye miguu mizuri anamaliza kwa nusu siku. La kwetu, Ziwa Victoria, ni kilomita za mraba elfu sitini na nane na mia nane, Tanzania peke yake tuna karibu nusu yake, yaani hilo la kwao linaingia ndani ya Victoria zaidi ya mara elfu kumi. Kina cha wastani cha hilo la kwao ni mita mbili na kidogo. Nilimwambia yule wa Mbeya hili kwetu tungeita dimbwi, akacheka, lakini baada ya kulitembea sikulidharau tena, sababu kila mita ya ukingo wake mtu anapita.

Tuliingilia upande wa kaskazini kwenye daraja wanaloliita Duan Qiao, daraja lililokatika, ingawa halijakatika mahali popote, wao wana hadithi zao. Ndipo kwenye ngano yao nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke alipokutana na kijana mmoja, mvua inanyesha, mambo ya kuazimana mwavuli yakawa mapenzi. Bibi yangu angeisikia hiyo angesema huyo ni jini tu mwiteni jina lake. Kutoka hapo tukafuata njia iliyokatiza kwenye maji, kushoto maji kulia maji, mpaka kwenye kisiwa cha Gushan, tukazunguka tukaingia kwenye njia nyingine ndefu zaidi inayoitwa Su Di, karibu kilomita tatu, ina madaraja sita na miti mirefu yenye matawi yanayolala majini.

Hiyo Su Di ndo iliyonifanya nitoe daftari. Imepewa jina la Su Dongpo, mshairi wao mkubwa, lakini huyu mshairi alikuwa pia mtawala wa Hangzhou, alikuja kushika mji mwaka 1089 akakuta ziwa limeliwa na magugu, sehemu kubwa imeshakuwa majani na matope, ilibaki kidogo tu life. Wasomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba hapa mtanielewa haraka, tumeishi na gugu maji sisi, tunajua ziwa likifunikwa linavyonuka na boti zinavyokwama. Akaajiri watu wakang'oa magugu na kuzoa matope. Shida ikawa matope yote hayo yatupwe wapi. Basi akayarundika katikati ya ziwa kwa mstari kutoka kusini mpaka kaskazini, ikawa barabara, akapanda miti, na hiyo ndo njia niliyokuwa naitembea mimi na raba zangu za Mwanza miaka zaidi ya mia tisa baadae. Taka za ziwa zikawa njia ya watu kwa miguu. Ningekuwa na uwezo ningeandika hilo kwa herufi kubwa.

Kuna kingine alifanya, na hiki ndo kilichonimaliza kabisa. Ndani ya maji, upande wa kusini, kuna vinara vitatu vya mawe vimechomoza kama mita mbili hivi juu ya maji, vimetobolewa matundu ya duara. Siku ya sikukuu yao ya mwezi mpevu huwa wanaweka mishumaa ndani, mwanga unatokea kwenye matundu unaonekana kama miezi mingi juu ya maji. Watu wanapanda boti wanalipa kwenda kuvipiga picha, vimewekwa mpaka nyuma ya noti yao ya yuani moja, mbele Mao nyuma vinara. Nikajua ni mambo ya dini au urembo. Laoshi akasema hapana, mwanzo wake ni kwamba Su Dongpo baada ya kusafisha ziwa aliwaruhusu watu wapande mimea fulani ya majini inayolika, karibu na ukingo, lakini wasivuke, wakivuka magugu yatarudi, kwa hiyo akaweka vinara kuonyesha mwisho ni hapa. Vya sasa vimejengwa upya baadae sana, enzi za wafalme wa Ming, ila kazi ya vile vya mwanzo ilikuwa hiyo.

Yaani Mhariri, ni bikoni! Hizi hizi bikoni za mipaka ambazo kwetu watu wanazing'oa usiku wanahamisha mita tatu, wenzetu bikoni yao ya kulinda ziwa wameichapa kwenye hela.

Hiyo noti niliitafuta kwa shida maana huku kila mtu analipa kwa simu, hata muuza viazi vitamu barabarani kaning'iniza karatasi ya kuskani, mwisho nikaipata kwa bibi mmoja anayeuza maji, nikaiweka ndani ya pasipoti.

Kuhusu watu niliowakuta pale. Hapa ningeweza kuandika gazeti lenu zima. Wazee wanaimba na spika ndogo, wakina mama wanacheza kwa mpangilio kama jeshi lenye furaha, bibi harusi na bwana harusi wanapigwa picha wamepanga foleni na mabibi harusi wengine wanne, watoto wanawarushia kindi karanga. Kuna mzee mmoja kashika brashi ndefu kama fagio anachovya kwenye ndoo ya maji anaandika herufi za Kichina chini kwenye vigae, nzuri mno, na zinakauka palepale anaanza upya. Tukasimama. Akauliza tumetoka wapi, nikasema Tansangniya, ndo wanavyotuita, akanyoosha kidole gumba akasema Tan Zan, ile reli, TAZARA, wazee wa umri wake wanaijua. Akaandika jina la nchi yetu pale chini. Nilivyotoa simu nifungue kamera, TAN ilikuwa imeshakauka. Jamaa wa Mbeya akasema na umeme wetu ndo hivo hivo.

Hamna aliyekuwa ananunua kitu kwa lazima. Choo nacho, naomba niseme, kila baada ya mwendo mfupi kuna choo, kisafi, bure, hamna mtu amekaa mlangoni na kopo la mia mbili. Nilihesabu vitano kabla sijaacha kuhesabu.

Chakula, hapo nitasema ukweli na Wachina wanisamehe. Kuna samaki wao maarufu wa ziwa hilo, wanamchemsha wanammwagia mchuzi mzito wa siki na sukari. Meza yetu ikamwagiza kwa heshima ya mahali. Mtu aliyekulia sato wa kukaanga na ugali wa moto na kachumbari hawezi, nakwambia hawezi. Tulitazamana. Dada wa Zanzibar akauliza kwa sauti ya chini, kapikwa huyu au kaachwa juani? Laoshi naye akacheka akasema hata wenyeji wa Hangzhou wanamtania huyo samaki. Kuna na nyama ya nguruwe yenye jina la huyohuyo Su Dongpo, waliokula waliisifu, sisi wengine tukarudi kwenye wali na mchicha wao.

Na wasije wakasema nimedanganya kwamba kila kitu ni bure, hapana. Boti unalipa. Kwenda visiwa vya katikati ya ziwa unalipa. Mnara wa Leifeng unalipa yuani arobaini, elfu kumi na kitu za kwetu, na ni mnara mpya kwa kweli, ule wa zamani ulianguka mwaka 1924, moja ya sababu ni kwamba watu miaka na miaka walikuwa wanachomoa matofali wakiamini yanatibu na kuleta bahati, mpaka siku moja ukasema basi. Huu wa sasa uliisha 2002, ule mwaka waliofungua bustani, na una ngazi za umeme za kukupandisha, nimepanda mnara wa kale nimesimama kama niko supamaketi. Wanajua kutafuta hela hawa watu, msiwaone hivi. Wamechagua tu hela ziingilie wapi, na ukingo wa maji wakauacha.

Jioni jua linashuka nikampigia Mama video. Swali lake la kwanza, kabla ya umekula, akauliza, umelipa shilingi ngapi kuingia hapo? Nikamwambia hakuna, Mama, ni ziwa. Akanyamaza kidogo. Akasema nizungushie simu nione. Nikamzungushia, maji, boti, wale wazee, taa zinaanza kuwaka. Nikajua atasifia. Mama akauliza, sasa mbona simuoni anayefua? Na wanavua wapi?

Nikakosa jibu. Kweli hamna anayefua, hamna mitumbwi ya kuvulia kama tunayoijua sisi, hamna dagaa waliomwagwa mchangani. Kuoga hairuhusiwi. Boti za usafi zinapita zinaokota hata jani. Lile ziwa ni sebule, limepangwa, unaingia kwa adabu unakaa unatoka. Ziwa letu ni jiko na ni shamba, watu wanakula kutokana na ule ukingo. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya na mtu akachukua barua yangu akaenda kuwaondoa wakina mama wa dagaa ili apande maua na kuweka mabenchi, halafu aseme ni mfano wa China. Hapana. Mwaloni, lile soko letu la samaki pale Kirumba, iache iwe Mwaloni na makelele yake na harufu yake. Mama alilisema hilo kwa swali moja tu kuliko mimi kwa daftari zima. Kwa wale wavuvi na wafuaji ukuta ni mbaya zaidi kuliko kwangu mimi ninayetaka kukaa tu, mimi ninakosa viu, wao wanakosa njia ya kazini.

Sheria tunayo, wala sio ya kuomba China. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Mita sitini! Upana wa Su Di yote na miti yake ungetosha humo na nafasi ikabaki. Sheria hiyo ililenga kulinda maji sio matembezi, najua, lakini mahali ambapo hairuhusiwi kujenga ukuta ni mahali ambapo mtu anaweza kupita na ndoo yake, hayo mawili yanakwenda pamoja.

Wako watakaosema China wana hela. Kwani kuacha kujenga ukuta ni shilingi ngapi? Wengine watasema watu wetu wachafu watatupa chupa. Watu wakiachiwa mahali pakawa pao wanapatunza, na pasipotunzwa unaweka pipa na mtu wa kulimwaga, Dar wana Coco Beach, mtu anashuka na buku zake chache anakula mhogo na pilipili anaangalia bahari na mji haujaanguka. Wengine watasema usalama, ziwa letu lina mamba na viboko, lina kichocho, hilo ni kweli na silibishii, kuna sehemu hazifai kabisa mtoto kusogea. Lakini kiboko hasomi bango la hoteli, kama upande wa mwenye elfu tano ni salama basi na hatua ishirini nje ya ukuta wake panaweza kufanywa salama. Na wenye hoteli wenyewe siwachukii, wameajiri vijana wetu, akiwemo yule mlinzi mpole. Wauze soda, wauze samaki, wauze vyumba vyenye madirisha ya ziwani kwa bei wanayotaka. Ule mstari wa chini kabisa, ule unaoloa, ndo nauongelea mimi.

Ombi langu kwa wahusika, na nawaandikia kupitia gazeti sababu sijui barua ya posta ingefika mezani kwa nani, ni dogo kuliko urefu wa barua hii. Wekeni bikoni za hizo mita sitini, zionekane, za zege, zenye rangi, mtoto wa darasa la nne azijue. Palipo na njia za zamani za wafuaji na wavuvi zilizofungwa, hata moja kwa kila mtaa, zifunguliwe. Benchi na maua tutaongelea siku nyingine, na choo, jamani, choo.

Mimi namaliza masomo mwezi wa saba. Noti ya yuani moja bado iko ndani ya pasipoti, ni ya Mama, nimeshamwambia picha ya nyuma ni kitu gani akacheka mpaka akakohoa. Tumekubaliana nikirudi tutaazima futikamba ya fundi, ile ya mita tano, tuanzie miguu ikiwa majini tupime kupanda juu mara kumi na mbili, tuone tunagota wapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwanafunzi wa Mwanza, kwa sasa Jinhua, China